Na Hii Pia

Kibokoni, saa moja asubuhi, Bi Mwanamkuu
amenifungia mahamri manne
kwa ukurasa wa mtihani wa zamani.
Mafuta yamepenya, karatasi imekuwa dirisha,
na dirishani naona wino mwekundu,
mkono wangu mwenyewe, wa miaka kumi na saba nyuma.
Kiswahili, darasa la sita. Taja maumbo haya.
Jina: Shebwana Msellem.

Nakaa kitako kwenye ngazi yake ya mawe.

Nilichora pembetatu. Yeye kaandika:
"Hamri kabla ya kutiwa mafutani.
Likishaingia huvimba, halina tena jina."
Nikampigia mkasi wa wino.
Chini yake umbo lenye kitako cha duara, ncha juu.
Kaandika: "Na hii pia."
Nikadhani ni uvivu, kwamba hili nalo ni hamri.
Mkasi wa pili, mrefu, hadi karatasi ikachanika.
Pia! Jibu lilikuwa pia, Mola wangu!
Angekusudia hamri angeandika "na hili".
Kaandika "hii". Ngeli ya i-zi,
niliyoifundisha mwenyewe Jumanne ile ile.

Mche: "Huu ukinyeshewa haumei, hupungua.
Mama huukata kwa uzi, akafulia."
Mraba: "Robo ya ami Khator, kuli wa Kilindini."
Leo ndipo nacheka, mbaazi zanipalia:
mtu wa miraba minne, kagawanywa kwa nne!

La tano limeliwa na mafuta.
Kwingine niliuliza mstatili una pembe ngapi.
"Nne, kama Mapembeni. Ndovu sikumwona."
Nilimnyima alama kwa sababu ya ndovu.

Kuna tao: "Moja tu? Dada Arafa ana matao,
akivaa buibui jipya hayahesabiki."
Kuna mistari miwili sambamba,
na hapa mwandiko unakuwa mdogo:
"Baba na mama. Wako nyumba moja."

Nainua uso. Bi Mwanamkuu ageuza hamri karaini,
upande huu, upande huu.
Barazani pake pana kiti kimoja.

"Na Shebwana, yuwapi siku hizi?"
"Nyali. Fundi wa vigae."
"Amenyooka?"
"Ukutani, barabara. Kwengine kote mshazari,
kama ulivyomwacha."

Alama ya kosa ni mistari miwili iliyokutana,
pembe nne, na kila moja yachoma.
Hiyo hiyo, kwenye hesabu, ndiyo ya kuzidisha.
Sikujua ni ipi niliyokuwa nikimpigia.

Jumla: sifuri kwa kumi.
Kubwa, niliichora kwa pupa, imebanwa mbavuni.
Na chini yake, kwa penseli,
alichokiandika aliporudishiwa, akanyamaza nacho:
"11. Duaradufu."

Naitazama kwa jicho moja, kisha kwa mawili.
Kweli. Si duara ile.
Nilichora umbo la kumi na moja bila kujua,
na mtoto akalijibu.

Nachovya kidole katika mchuzi wa mbaazi
nampigia alama yake:
mkono mfupi, mkono mrefu,
pembe moja kali baina yao.

"Mwalimu," asema Bi Mwanamkuu,
"watu hula hamri, hawali karatasi."
Namwambia anifungie manne mengine.
"Kwa ukurasa upi?"
Wowote, nasema, wenye wino mwekundu.

Akachomoa bunda chini ya meza,
akalipuliza unga.
"Basi kaa, baba. Hapa pana darasa zima."